Miti ya Makaburini ni ya Nani?

Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukikaribia, hutangazwa kanisani kwamba wakristu waende kusafisha makaburi. Tarehe 2 ya mwezi huo ni ukumbusho wa marehemu wote, na kuanzia tarehe 1 mpaka tarehe 8 Mama Eklezya anatualika kwenda huko kuwaombea wafu wetu, tupate kwa ajili yao rehema kamili. Basi watu huchukua majembe na mapanga, akina mama hubeba fagio, vijana huteka maji. Ni kazi njema kabisa. Kuzika wafu ni mojawapo la matendo ya huruma, na mzee Tobiti wa Maandiko alihatarisha uhai wake kwa ajili ya kazi hiyo. Naye atunzaye kaburi anaendeleza kazi ya yule aliyezika.

Lakini wakifika kwenye malalo, mara nyingi huzuka shauri. Mmoja asema: Tuchome moto, tumalize kwa siku moja. Mwingine asema: Siku hizi dukani kuna dawa ya kuua majani, tuchange franka tuinunue. Wa tatu hasemi kitu. Anatazama juu, anauona ule mti mkubwa ulio katikati ya misalaba ya kale, naye anaanza kuhesabu moyoni: mbao ngapi, magunia mangapi ya makala? Paa la shule linavuja. Nyumba ya katekista haijaisha. Je, mti huu si mali ya parokia? Na kama ni mali ya parokia, kwa nini usimame bure juu ya watu waliolala?

Wapendwa wasomaji, tunaomba tulitazame polepole swali la huyo mtu wa tatu, maana si swali la kipumbavu. Anayeuliza hana ubaya moyoni, na shida anayoitaja ni ya kweli. Hata hivyo ndani ya swali lake mna jambo la haki, na jambo la haki halimalizwi kwa shoka.

Kwanza tujue kwamba watu wameligombania tangu zamani sana. Huko Uingereza, katika mwaka wa 35 wa utawala wa mfalme Edward wa Kwanza, yaani mwaka 1307, ilitungwa sheria fupi ya Kilatini kwa ajili ya jambo hili tu. Wakati ule nchi ile ilikuwa ya kikatoliki, na kanisa la kijiji lilizungukwa na makaburi yake. Sheria yenyewe inaeleza kwa nini imeandikwa: mapadri na waumini wao walikuwa wakigombana mara kwa mara juu ya miti iliyoota kati ya makaburi, kila upande ukidai kwamba ni yake. Hukumu ilikuwa ya akili. Miti ni mali ya kanisa, na padri ndiye mwenye kuitunza. Lakini kwa kuwa mara nyingi ilipandwa ili kulikinga kanisa na upepo mkali, padri asiikate ovyo, isipokuwa upande wa altare ukihitaji kutengenezwa. Na kama upande wa waumini nao umeharibika, padri atafanya vema kuwapa miti kadhaa kwa mapendo. Hilo la mwisho mfalme hakuliamuru. Alisema tu kwamba atalisifu likifanyika.

Tazameni jinsi lilivyopimwa. Padri anaitwa mwenye mali, na bado hawezi kufanya apendavyo. Mti wa makaburini unaweza kukatwa kwa ajili ya mahali pale unaposimama, usikatwe kwa ajili ya mfuko wa mtu. Tukubali kwamba mfalme Edward alikuwa mtu wa vita, wala hatumweki mbele yenu kama mtakatifu. Lakini karani aliyeandika maneno yale alielewa neno tunalolitafuta.

Miti mingi ya makaburi ya nchi ile ni ya aina moja, ambayo Wafaransa huiita if. Ni mti mweusi kidogo, majani yake membamba hayapukutiki mwaka mzima, na ng'ombe akiyala hufa. Huishi miaka mingi ajabu. Katika kijiji cha Fortingall, huko Uskoti, upo mmoja kando ya kanisa ambao wataalamu huuhesabia miaka 2,000 au zaidi. Basi ulikuwapo kabla hajafika mhubiri yeyote wa Injili katika milima ile. Ulijulikana siku zote kuwa mti dume, usiozaa. Mwaka 2015 waliona tawi lake moja limezaa matunda matatu mekundu. Mzee wa miaka 2,000 alikuwa bado ana neno la kuonyesha!

Tena angalieni hili. Kwa mtu wa mali mti wa namna hii ni mti wa hasara: unakua polepole mno, tena ni sumu. Lakini katika karne ya 20 wataalamu wa Ufaransa walipata katika majani ya mti wa aina hiyo asili ya dawa iitwayo docetaxel, nayo hata leo hutumiwa hospitalini kutibu kansa ya titi. Hatusemi kwamba kila mti wa makaburini kwetu umeficha dawa. Tunasema tu kwamba wale waliouacha usimame hawakujua wanamwachia nani, nao waliuacha.

Lakini tunaye shahidi wa kale kuliko mfalme Edward. Sara alipofariki huko Hebroni, Abrahamu hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumzikia. Alikuwa mgeni. Akaenda kwa Efroni Mhiti, akapima fedha shekeli 400 mbele ya watu mlangoni pa mji, akanunua shamba la Makpela. Someni sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo, mtaona jinsi mapatano yanavyoandikwa, kama vile karatasi ya notere: shamba, na pango lililomo, halafu miti yote iliyo shambani mpaka kwenye mipaka yake. Miti imetajwa! Abrahamu alitafuta pango tu, lakini Maandiko hayakusahau miti. Na tukumbuke kwamba kipande hicho kilikuwa cha kwanza kuwa chake katika nchi aliyoahidiwa na Mungu. Kabla hajawa na shamba la ngano wala zizi, alikuwa na kaburi la mke wake pamoja na miti yake.

Mahali pengine pia kaburi na mti vinakwenda pamoja. Debora, mlezi wa Rebeka, alizikwa chini ya mti mkubwa, na mti huo ukaitwa mti wa kilio. Alikuwa mtumishi tu, hakuna jiwe linalotajwa juu yake. Mti ndio uliobeba jina lake. Mifupa ya mfalme Saulo na wanawe ilizikwa chini ya mti huko Yabeshi. Naye Bwana wetu Yezu Kristu alilazwa katika bustani, kama anavyoandika mtakatifu Yoane, na asubuhi ile Maria Madalena alipomwona alidhani ni mtunza bustani. Basi bustani ile ilikuwa na mtunzaji wake, ajulikanaye, ambaye mtu angeweza kutazamia kumkuta pale mapema.

Wazee wetu wa pande hizi nao walijua jambo hilo. Kule Burundi, wafalme wa zamani walizikwa katika vilima karibu na msitu wa Kibira, na vichaka vya makaburi yao viliitwa intatemwa, maana yake visivyokatwa. Familia maalum zilikabidhiwa kazi ya kuvilinda. Walunda, katika kusini ya Katanga na ng'ambo ya mpaka huko Zambia, huchomeka kijiti cha muyombo kijijini kwa ajili ya mzee aliyefariki; kijiti kinashika mizizi, kinakuwa mti, na watoto wanaonyeshwa: huyu ni babu yenu fulani.

Hapo pengine msomaji mwema atashtuka. Mapadri wa kwanza hawakuichukia miti kama hiyo? Wengine waliichukia, maana waliona watu wakiipelekea pombe na unga na kuomba chini yake. Nasi tuseme wazi: mkristu hauombi mti, wala haufanyi mti kuwa mlango wa mizimu. Twamwomba Mungu kwa ajili ya marehemu. Hatuuombi mti kwa ajili yetu. Lakini imani isiyo sahihi ya mtu aliyekaa chini ya mti si kosa la mti. Tukimwondolea babu unga na pombe, hakuna lazima ya kumwondolea kivuli. Kwa maoni yetu, mahali pengi walipokata miti hiyo walikata ukumbusho pamoja na ushirikina, na ukumbusho haukurudi.

Basi turudi kwa mtu wetu anayehesabu mbao. Mti huu ni wa nani?

Si wa padri. Yeye atahamishwa na askofu mwaka kesho. Si wa halmashauri ya parokia. Hao wamechaguliwa kwa miaka michache. Tuseme basi ni wa jamaa za waliozikwa? Lakini mizizi ya mti mkubwa hupita chini ya makaburi ishirini, na jamaa nyingine zimekwisha hamia Lubumbashi au Kalemie, au zimekimbia vita, nyingine zimekwisha kabisa. Tuseme ni wa wafu? Wafu hawauzi wala hawanunui. Hawawezi kuja kwenye mkutano kusema neno.

Hapo ndipo tunapopata njia. Mali ya mtu asiyeweza kusema inaitwaje? Wote tunaijua: ni mali ya yatima. Mtoto akifiwa na wazazi, mjomba au baba mdogo huwekwa kuwa mlezi wa mali yake. Mlezi anashika funguo, analima shamba, anavuna. Nyumba ya yatima ikibomoka, ana ruhusa kukata mti wa yatima na kuitengeneza. Lakini akikata mti ule akaezeka nyumba yake mwenyewe, kijiji kizima kitasema ameiba, hata kama nyumba yake ilikuwa inavuja kweli, hata kama watoto wake walikuwa wanalowa. Umaskini wa mlezi haugeuzi mali ya yatima kuwa mali yake.

Sisi walio hai ni walezi makaburini. Waliolala pale hawasemi. Na watakaozikwa pale, ambao wengine hawajazaliwa, nao hawasemi. Mali iliyo katikati ya hao wawili iko mikononi mwetu kwa muda mfupi tu, nasi tutaiachia wengine.

Pengine mtu atatujibu kwa nguvu: Ninyi mnaweka wafu mbele ya walio hai. Mjane hana kuni, nanyi mnalinda vivuli! Neno hilo ni zito, na hatulikwepi. Twasema hivi. Matawi makavu yaliyoanguka, mjane ayachukue, tena asiombe ruhusa kwa mtu. Wafu hawataona uchungu kwa ajili ya chungu chake cha ugali. Mti uliooza, unaotishia kuanguka juu ya watu au kuvunja misalaba, ukatwe, na mbao zake zifanye misalaba na uzio wa mahali pale. Lakini mti mzima, wenye uhai, ukikatwa kwa ajili ya makala, mjane hapati hata kidogo. Tunajua makala yanakokwenda. Yanapanda lori kwenda mjini, na fedha zake hukaa mfukoni mwa mtu ambaye si mjane. Mara nyingi sana huyo mjane huitwa kuwa wakili wa watu wasiomjua.

Na paa la shule? Ni neno gumu zaidi, wala hatuwezi kutoa amri kutoka mezani petu. Tungependa tu litendeke mchana, mbele ya jamaa zote zinazoweza kuitwa, na miti mingine ipandwe kwanza, ishike mizizi, ndipo wa zamani uguswe. Atakayeona kwamba kungoja hivyo ni kuchelewa mno, ajiulize ni miaka mingapi mti ulimngojea yeye.

Sasa tuje kwa wale wawili wa kwanza, mwenye moto na mwenye dawa. Wao hawatafuti faida. Wanatafuta usafi, na wanadhani usafi ni udongo mtupu. Kwetu mawazo hayo yana nguvu sana: uwanja wa nyumba uliofagiliwa ni heshima ya mama wa nyumba, na majani mlangoni ni alama ya uvivu au ya msiba. Basi mtu akiona majani juu ya kaburi anasikia aibu, kama kwamba amemtupa mzazi wake. Aibu hiyo ni nzuri, inatoka kwenye upendo. Lakini tuangalie inafanya nini.

Moto unapopita makaburini, hauulizi. Unakula majani, kisha unakula misalaba ya mti. Kaburi la saruji linabaki limesimama, jeusi kidogo, na jina lake linasomeka. Kaburi la maskini, ambalo lilikuwa na vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba na jina lililoandikwa kwa rangi, limekwisha. Mwaka unaofuata mama anakuja na maua yake, haoni alipomlaza mtoto. Tumesafisha, na katika kusafisha tumewafuta maskini tukawaacha matajiri. Nani angependa kuitolea hesabu kazi ya namna hiyo?

Mara nyingi alama ya kaburi la maskini ni mmea tu: kichaka cha maua kilicholetwa kutoka nyumbani, mti mdogo uliochomekwa kichwani pake siku ya maziko. Wachaga wa Kilimanjaro hutumia mmea uitwao sale, ambao haufi upesi na hukaa kijani hata kiangazi. Mtu asiye na fedha za jiwe hupanda jiwe linaloota. Mwenye panga asiyejua, au kijana aliyetumwa kufyeka kila kitu, hulikata kwa pigo moja.

Kuna na shauri la udongo wenyewe. Katika milima ya Kivu, udongo ulionyang'anywa majani haukai. Mvua moja kubwa inachukua kilima cha kaburi, ya pili inachimba mfereji, na ya tatu hatupendi kuandika inaonyesha nini. Majani mafupi na mizizi yake ndiyo blanketi la wafu wetu. Kuyapunguza, vema, kuyang'oa yote ni kumfunua aliyelala.

Na dawa ile ya dukani? Huua majani, kisha mvua huishusha bondeni, na bondeni ndiko akina mama wanakoteka maji. Ufaransa, ambako dawa hizo zilitumika miaka mingi, wameziacha: makaburi makubwa ya Père-Lachaise katika mji wa Paris yaliacha kuzitumia mwaka 2015, na tangu mwaka 2022 sheria inazikataza katika makaburi ya nchi nzima. Père-Lachaise yalifunguliwa mwaka 1804, yana hekta 44 na miti zaidi ya 4,000. Watu wengi walilalamika mwanzoni kwamba majani kati ya mawe ni aibu. Kisha, mwaka 2020, mji ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walinzi waliona mbweha wawili watu wazima na watoto wao wakicheza kati ya makaburi. Katikati ya Paris! Hatufikiri kwamba marehemu wa mahali pale walidharauliwa na watoto wale.

Lakini mfano unaotugusa zaidi hautoki Ulaya, unatoka Afrika. Katika milima ya kaskazini ya Ethiopia, msitu wa asili umekaribia kwisha wote. Watu ni wengi, wamelima, wamelisha ng'ombe, wamekata kuni karne baada ya karne. Ukipita juu kwa ndege unaona mashamba ya rangi ya udongo mpaka mwisho wa macho. Ila hapa na pale kuna duara la kijani, na katikati ya duara, paa la kanisa. Ndugu zetu wa Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo hawakukata miti inayozunguka makanisa yao, ambako pia huzika wafu wao. Katika sehemu ya Gondar ya Kusini peke yake misitu hiyo midogo inapita 1,000, mingi ikiwa na hekta chache tu. Ndani yake mna mitarakwa na mizeituni ya mwitu, na miti mingine ambayo jirani haionekani tena, pamoja na ndege, nyani, nyuki, na chemchemi ambazo hazikauki upesi.

Ukiwauliza mapadri wa huko kwa nini wameutunza, hawasemi kwanza habari za mvua. Wanasema msitu ni vazi la kanisa. Kanisa bila miti ni kama mtu aliye uchi. Angalieni jinsi wazo lao linavyopinga letu! Sisi tunamvua marehemu majani ili awe safi. Wao wanamvika ili awe na heshima.

Hata hivyo tusidhani huko hakuna shida. Ng'ombe waliingia msituni wakala miche yote, hata ikabaki miti mizee isiyo na watoto. Ndipo mtaalamu mmoja wa misitu wa nchi ile, Alemayehu Wassie, pamoja na mwenzake Mmarekani, Margaret Lowman, walikaa na mapadri, na waumini wakajenga kuta za mawe yaliyookotwa mashambani. Mawe yalitoka shambani, shamba likapata nafasi, na miche ikaanza kuota ndani ya ukuta. Shida nyingine ni mikalitusi. Mahali pengine wenyeji waliipanda ndani ya msitu wa kanisa, kwa kuwa inakua upesi na kuuzwa upesi. Hivi hata kule yupo mtu wa tatu anayetazama juu na kuhesabu.

Tuseme kidogo pia juu ya wakaaji wengine wa makaburini. Wa kwanza ni bundi. Masikini bundi! Akilia usiku, mtu anasema kuna mchawi, na kesho yake watoto wanamtafuta kwa mawe. Yule mwenye uso mweupe kama moyo, apendaye kukaa katika mnara wa kengele na katika mashimo ya miti mizee, hana kazi nyingine usiku ila kukamata panya. Humeza panya mzima, kisha hutapika kitonge cha manyoya na mifupa. Mtu akiokota vitonge hivyo chini ya kiota chake na kuvipasua, ataona mafuvu ya panya waliokuwa wanakwenda kula mahindi yetu. Mkristu aliyebatizwa, aliyemkataa Shetani na fahari zake zote, ataogopaje ndege anayelinda ghala lake?

Popo nao hudharauliwa. Wale wadogo hula wadudu wa usiku. Wale wakubwa wa matunda hubeba mbegu mbali na kupanda msitu bila mshahara. Tunaongeza tu onyo kwa vijana: popo asishikwe kwa mikono, wala asifukuzwe mchana, maana huweza kuwa na magonjwa. Aachwe juu alipo.

Mti wa mkuyu unastahili neno lake. Matunda yake hayangoji msimu mmoja. Mikuyu huzaa mara kadhaa kwa mwaka, hata kiangazi wakati miti mingine haina kitu, na ndege hujaa juu yake kama watu sokoni. Kila aina ya mkuyu ina mdudu wake mdogo sana anayeingia ndani ya tunda na kulichavusha. Mdudu yule bila mti ule hana maisha, na mti bila mdudu hauzai mbegu. Mungu ameviunganisha. Anayekata mkuyu mmoja mkubwa makaburini hajui ameondoa meza ya wangapi.

Nyoka? Ndiyo, wapo, hatuwezi kuwadanganya. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na chakula kinachotupwa. Kwa hiyo njia zifyekwe zionekane vema, kila kaburi linalotembelewa lipate nafasi ya kupiga magoti, na takataka zisirundikwe pembeni. Kwa kazi hiyo panga linatosha, moto hauhitajiwi. Na bundi, kama tulivyosema, anasaidia.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha jambo dogo la mtakatifu Fransisko wa Asizi ambalo tungependa kila halmashauri ya parokia ilisikie kabla ya Novemba. Mtakatifu yule aliagiza kwamba katika bustani ya utawa sehemu moja iachwe bila kulimwa, maua na majani ya mwituni yaote yenyewe, ili wanaoyaona wainue mawazo kwa Mungu aliyeyaumba. Alikuwa maskini na ndugu zake walikuwa na njaa mara nyingi. Kipande kile kingeweza kutoa kabichi. Aliagiza kiachwe. Basi makaburini kwetu pia, pembe moja, ile ya makaburi ya kale kabisa ambayo majina yake hayasomeki tena, isifyekwe kila mwaka. Watu waingie pale mara moja, baada ya maua kutoa mbegu, waondoe kinachovunja mawe, watoke. Na kabla vijana hawajapewa panga, mzee mmoja au mama mmoja anayekumbuka atangulie na kamba nyekundu, afunge kila mmea uliopandwa na mtu kwa ajili ya mtu wake. Kazi hiyo ni ya saa moja. Tena majina anayoyataja akipita yaandikwe katika daftari, maana mwaka mwingine huenda naye asiwepo.

Limebaki swali ambalo watoto huliuliza na wakubwa huona haya kuliuliza: maembe ya makaburini yanaliwa? Miembe mingi mizee ya pande za Tanganyika na Maniema ina asili katika mbegu zilizofika na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19, na chini yake wamelala wengi ambao hawakuwahi kuwa na msalaba wala jina. Wako wanaosema kwamba anayekula tunda la pale anakula mtu. Si kweli. Mti hutengeneza embe kwa maji, hewa, jua na udongo, kama mwembe wowote mwingine, na udongo wote tunaolima umekwisha pokea viumbe vingi tangu dunia ianze. Watoto wale, hakuna dhambi. Ila wasiyaangushe kwa mawe, kwa sababu jiwe linalokosa embe huangukia msalaba. Wachukue fimbo ndefu yenye ndoano, na wawaachie ndege yale ya juu wasiyoyafikia.